Gramu Themanini na Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa nane mchana, na mimi nimeanza daftari hili saa tisa. Sina pa kwenda na sina wa kumwambia, basi. Mwalimu wa darasa aliandika kwenye ripoti yangu: ana akili lakini haongei. Mama Mdogo alipoisoma alicheka. "Afadhali," akasema. "Wanaoongea ninao tayari." Akamtupia jicho mumewe.

Huu ni mwaka wa pili naishi kwao, kwa sababu kutoka hapa naenda shuleni kwa miguu, na kutoka kwetu haiwezekani. Mama Mdogo anatengeneza sabuni kwenye chumba cha uani. Baba Mdogo ni mwashi. Mvua ikinyesha hajengi, na asipojenga anaongea.

Leo alikuja Mkunga, mkuu wa wodi ya wazazi pale kliniki. Anataka vipande mia mbili na arobaini vya sabuni ya kuogea, ya akina mama wanaojifungua na watoto wao. Atavichukua tarehe 22 Aprili. Mama Mdogo aliwahi kuwa mfagiaji kwenye wodi hiyohiyo kabla sijazaliwa. Alimsikiliza Mkunga amesimama wima kama askari, na tambara la kufutia meza begani, amelisahau.

Mkunga ana sharti moja. "Vile vikombe vyako sivitaki. Hii ni ngozi ya mtoto wa siku moja. Nataka vipimo vya kitabu." Akaacha kijitabu chembamba, kimeandikwa kwa lugha tunayosomea shuleni, ambayo Mama Mdogo haijui.

Mama Mdogo akakigeuza mbele na nyuma, kisha akanitazama. Nadhani ni mara ya kwanza tangu nihamie hapa mtu wa nyumba hii kunitazama kwa sababu ya kitu kilicho kichwani mwangu na si cha mikononi.

Jumanne, 5 Machi

Mvua.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimetafsiri. Nilikaa kwenye meza ya sabuni, Mama Mdogo upande huu, Baba Mdogo upande ule, na kwa saa nzima walinisikiliza mimi.

Miaka yote Mama Mdogo amepima kwa vikombe: kikombe kile cha bati chenye shikio lililovunjika, kikijazwa kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, mara kadhaa kwa majagi kadhaa ya mafuta ya kupikia. Alifundishwa na mwanamke mmoja aliyeshafariki. Sabuni yake mara inatoka laini, mara ngumu, ila haijawahi kumuuma mtu.

Kijitabu hakijui vikombe. Kinasema mafuta kilo kumi, kostiki kilo moja na gramu mia tatu hamsini. Kostiki ni rahisi, tunayo mizani ndogo ya jikoni, mwisho wake kilo mbili. Lakini mafuta yanakuja kwenye madumu ya lita, na tunayamimina kwa jagi la lita.

"Sasa kilo kumi ni lita ngapi?" akauliza Mama Mdogo.

Mimi ambaye nikiulizwa jina langu nafikiri kwanza, nilijibu hapohapo. "Kumi. Lita moja ni kilo moja." Tulisoma. Hata ukurasa naukumbuka, ulikuwa na picha ya chupa ya maji.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Baba Mdogo akapiga makofi. "Jamani, kumbe tunaishi na profesa hapa halafu tunamtuma chumvi!" Akakata kipande cha boksi, nikaandika kwa kalamu nene LITA 1 = KILO 1, akakipigilia misumari ukutani juu ya meza. Jioni alinipa kiti chake nikae. Niliona haya, lakini nilikaa.

Jumamosi, 9 Machi

Tumepika. Kostiki inamiminwa kwenye maji, si maji kwenye kostiki, vinginevyo inaruka usoni. Inajichemsha yenyewe bila moto, ndoo inakuwa ya moto hadi huwezi kuishika, na moshi wake unakaba koo. Ikipoa kidogo inaingia kwenye mafuta, na hapo ni kukoroga tu, kukoroga tu, hadi mwiko ukipita unaacha njia nyuma yake.

Jagi la kumi lilipoingia Mama Mdogo aliniuliza, "Sawa, Profesa?" Nikasema sawa. Tukapika raundi mbili.

Jumatatu, 11 Machi

Tumekata jana. Vipande mia mbili na arobaini, na beseni zima la vipande vya pembeni visivyo na umbo.

Sabuni mbichi lazima ikauke wiki nne hadi sita, mahali pakavu. Chumba cha uani kinavuja. Sebule inavuja. Nyumba nzima, mahali pasipovuja ni chumbani kwangu. Baba Mdogo ameleta mbao zake za ujenzi amenipangia rafu kuta tatu, kutoka sakafuni hadi darini. Dirisha ni lazima lifungwe, mvua isiingie. Kitanda kiko katikati.

"Unalala kama bosi wa kiwanda," alisema.

Nalala kama kipande cha mia mbili na arobaini na moja.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Nguo zote zinanuka sabuni. Msichana ninayekaa naye dawati moja amesema nanuka vizuri. Nilifungua kitabu kabla hajaongeza neno.

Jumanne, 19 Machi

Niandike habari za Dobi, kwa sababu ndiye mtu pekee ninayezungumza naye, ingawa anayezungumza ni yeye.

Anafua nguo za mtaa mzima kwenye bomba nyuma ya ukuta wetu, miaka thelathini sasa, kwa mikono, kwenye jiwe lake la zege. Kila asubuhi nikipita kwenda shule anaigiza pande zote mbili. "Shikamoo, baba," kwa sauti nyembamba, hiyo ni mimi. "Marahaba, mwanangu, umeamkaje?" hiyo ni yeye. "Salama, baba, ila hesabu hazijakamilika." "Ah, mwanangu, hesabu hazijawahi kukamilika tangu dunia iumbwe, nenda tu." Nacheka, napita. Siku nzima najiona kama mtu aliyezungumza.

Mama Mdogo amempa lile beseni la vipande vya pembeni. Humpa kila akikata. Leo Dobi alikuwa anapuliza vidole. "Sabuni yenu safari hii ina hasira," alimwambia Mama Mdogo juu ya ukuta.

"Ni mbichi hiyo, shemeji. Itatulia."

"Itulie haraka, mimi na yeye tunaonana kila siku."

Ijumaa, 22 Machi

Hakuna kitu. Mvua na mtihani wa historia.

Alhamisi, 28 Machi

Sijui nianzie wapi. Naanzia kipindi cha pili.

Mwalimu wa fizikia alileta gilasi mbili na chupa ya mafuta ya kupikia ya kwao. Akamimina maji, akamimina mafuta juu yake, mafuta yakakaa juu. Darasa zima likamwangalia kama aliyetuonyesha kwamba moto unachoma. Nani hajui mafuta yanaelea? Nimeyaona yakielea tangu nazaliwa, kwenye sufuria, kwenye madimbwi, kwenye maji ya kuoshea vyombo.

Kisha akayapima. Mililita mia za maji, gramu mia. Mililita mia za mafuta, gramu tisini na mbili. Akaandika ubaoni. Nami nikaandika daftarini kwa mwandiko mzuri, na nilikuwa nimeshafika mwisho wa mstari wa pili ndipo mkono ukasimama.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Ya maji. Ile picha ilikuwa ya chupa ya maji.

Nilipiga hesabu pembeni mwa ukurasa huku mwalimu anaendelea. Majagi kumi ya mafuta hayakuwa kilo kumi. Yalikuwa kilo tisa na kidogo. Kijitabu kina jedwali nyuma: kilo moja ya mafuta kama yetu inakula gramu mia moja arobaini na mbili za kostiki, ikaisha yote, isibaki hata chembe. Na vipimo vyake vinaacha makusudi mafuta kidogo yasiyoliwa, ili sabuni iwe laini kwa ngozi. Sisi hatukuacha mafuta. Tumeacha kostiki. Kila raundi ina zaidi ya gramu arobaini ambazo hazikupata mafuta ya kuzimaliza. Haitatulia ikikauka, shemeji. Imekaa ndani ya sabuni inasubiri ngozi.

Na ngozi ya kwanza ni ya Dobi. Na inayofuata ni ya watoto wa siku moja.

Nilirudi nyumbani kwenye mvua bila kuvaa koti. Mama Mdogo akanifuta kichwa kwa taulo, akiguna, "Profesa mzima hajui kuvaa koti." Nilikuwa nimejipanga kusema. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Ahsante."

Ijumaa, 29 Machi

Labda mafuta yetu ni tofauti na ya mwalimu. Mama Mdogo alipotoka nilichukua mizani. Jagi tupu, gramu mia moja na kumi. Jagi lenye lita ya mafuta hadi kwenye mstari, elfu moja na ishirini na nane. Nikatoa. Mia tisa na kumi na nane. Nikapima tena, nikapima mara ya tatu nimepiga magoti kusudi jicho liwe sawa na mstari.

Zinapungua gramu themanini na mbili kila lita. Nilirudisha mafuta kwenye dumu, nikafuta mizani, nikafuta na meza. Kama mwizi.

Jumapili, 31 Machi

Nitasema kweli hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Siogopi kupigwa, nyumba hii haipigi mtu. Siogopi kurudishwa kwetu, Mama Mdogo hana moyo huo. Naogopa kurudi kuwa yule wa zamani. Yule aliyekuwa akiingia sebuleni hakuna anayeacha kuongea. Wiki hizi tatu nimepewa kiti, nimeulizwa mvua itakatika lini, nimeombwa kuwasomea majirani barua zao. Yote hayo yamesimama juu ya kipande cha boksi na misumari minne.

Naona aibu kuandika hivyo. Lakini ndivyo.

Jumanne, 2 Aprili

Shule imefungwa. Maji yameingia madarasani hadi kwenye miguu ya madawati. Tumeambiwa turudi yakikauka.

Jumatano, 3 Aprili

Nyumbani. Baba Mdogo anacheza drafti peke yake na anashindwa.

"Profesa, mvua hii ina kilo ngapi?"

Alhamisi, 4 Aprili

Nilitaka kuanza na Baba Mdogo. Yeye si mtu wa kukasirika. Nilikaa mbele yake kwenye drafti, nikasogeza kete zangu, nikasema, "Baba Mdogo, mtu akikosea kipimo..."

"Mwashi akikosea kipimo anapiga plasta," akasema. "Plasta inaficha dhambi zote. Haya, kula hapo, umepofuka?"

Nikala. Akanila tatu.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimeiona mikono ya Dobi kwa karibu. Nilipeleka shuka. Katikati ya vidole pamekuwa pekundu kama nyama, na kwenye vifundo ngozi imepasuka. Akaniona naitazama, akaificha kwenye povu.

"Maji ya baridi haya," akasema. "Mvua ikikatika nitapona."

Mama Mdogo alimwonea huruma. Akamwongezea vipande vya sabuni. "Tumia nyingi, shemeji, usisugue kwa nguvu."

Nilisimama hapo na shuka mkononi.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimepata njia. Kabatini kuna miche sita ya sabuni ya zamani, ya vikombe. Nimeikatakata iwe vipande vya ovyo, nikaenda bombani Dobi alipokwenda kunywa chai, nikamwaga vile vipya kwenye shimo la taka na kuweka hivi vya zamani kwenye beseni lake. Hakuna aliyeona. Nimerudi nikalala usingizi mzuri wa mchana, wa kwanza tangu ile Alhamisi.

Jumatano, 10 Aprili

Mikono ya Dobi haitoi damu tena! Asubuhi alikuwa anaimba, vibaya kama kawaida. "Shikamoo, baba. Marahaba, mwanangu, naona mvua inakuogopa leo." Ilikuwa imepungua kweli.

Kwa hiyo nina hakika zaidi kuliko nilivyotaka. Na sabuni ya zamani imebaki ya siku mbili.

Ijumaa, 12 Aprili

Sabuni ya zamani imekwisha. Mvua imerudi na hasira zake.

Jumamosi, 13 Aprili

Leo nimefanya kitu kibaya kuliko kukosea.

Mama Mdogo alirudi kutoka kliniki akiwa amelowa na anacheka. Mkunga amefurahi kusikia kazi imekwenda kwa vipimo, anataka nyingine, za mwezi wa tano. "Amesema eti mimi ni mtaalamu," akasema Mama Mdogo. "Mbele ya manesi. Mimi, niliyekuwa nadeki pale wananiruka miguu!" Akaanza kupika palepale, kanga bado inachuruzika.

Nilishika ndoo. Jagi la kwanza. La pili. Nilikuwa najiambia: likifika la tano nitasema. Likafika la tano. Nikajiambia, la nane. Jagi linatoa sauti likimiminwa, mwanzo nene, mwisho nyembamba, na kila sauti ilipokuwa nyembamba nilivuta pumzi ya kusema, na lingine likaanza. Kipande cha boksi kilikuwa juu ya kichwa chake. Mwandiko wangu.

La kumi likaingia. Akageuka, jasho linamtoka, amefurahi mno.

"Sawa, Profesa?"

Ile ya kwanza nilikosea. Hii nilijua. Nilijua hadi gramu.

"Sawa," nikasema.

Jumapili, 14 Aprili

Tumekata. Vipande vipya vimewekwa chini ya kitanda changu, na vya pembeni amepelekewa Dobi.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimenawa mikono kwa sabuni yetu mara kumi, ili nijue. Inateleza kama ya kawaida, povu zuri. Mara ya nne inaanza kuwasha katikati ya vidole. Mara ya kumi nilipoishika chumvi jikoni nilipiga kelele, na Mama Mdogo akauliza nini, nikasema mende.

Yeye ananawa kutwa nzima.

Jumatano, 17 Aprili

Dobi anaacha kazi.

Amekuja mwenyewe kuaga, na mkewe, wamekaa sebuleni, mvua inapiga bati hadi ikabidi wapaze sauti. Mikono ameifunga matambara. Anasema si maji ya baridi, maji ya baridi ameyazoea miaka thelathini. Ni damu. Ameambiwa na mtu kwamba damu ikichoka ngozi ya mikono ndiyo ya kwanza kuacha. Wiki iliyopita ilipona, akafurahi, na sasa imerudi vibaya zaidi, na hiyo, anasema, ndiyo dalili yenyewe.

"Mkono ukishakataa kazi, shemeji, utaulazimisha?" Alikuwa anatabasamu, lakini tabasamu la kuazima. "Jiwe langu nimempa yule mama wa kona. Amelisubiri siku nyingi. Jumapili tunaondoka, tunakwenda kwa binti yetu. Nitakaa, nitakula, nitaangalia wajukuu."

"Nani atafua nguo za mtaa huu?" akauliza Baba Mdogo. Kwa mara ya kwanza hakutania.

Mkewe Dobi alikuwa anarekebisha yale matambara, fundo moja baada ya jingine.

Dobi akanigeukia. "Shikamoo, baba," akaanza, kwa sauti ile nyembamba, akaishia hapo. Hakuendelea na upande wake.

Nilikwenda chumbani kwangu nikafunga mlango, nikakaa kitandani na vipande vyote mia mbili na arobaini vikinitazama, vikavu, vyeupe, vizuri. Ukuta huu sabuni, ukuta ule sabuni, ukuta ule sabuni, na wa nne una dirisha lisilofunguka. Nilifikiri: mvua haikunifungia humu. Hizi rafu hazikunifungia. Mlango huu nimeufunga mwenyewe na komeo liko upande wangu.

Na bado sikutoka.

Ijumaa, 19 Aprili

Jana nilimwandikia Mama Mdogo barua. Kurasa mbili. Nilizisoma tena leo, zilikuwa zimejaa maneno kama "inawezekana" na "huenda." Nimezichana.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimesema.

Mama Mdogo alikuwa chumbani kwangu anafunga vipande kwenye karatasi, kimoja kimoja, anavipanga kwenye boksi la kliniki. Mkunga anakuja keshokutwa. Anafunga karatasi kama mtu anayemfunika mtoto mchanga kwa kanga: kona hii, kona hii, anakunja, anapigapiga kidogo. Sikupanga. Nilisikia tu sauti yangu.

"Mama Mdogo, usifunge. Zinaunguza."

"Zinaunguza nini?"

"Watu. Lita ya mafuta si kilo. Maji ndiyo kilo. Mafuta ni mepesi, yanaelea. Nilikosea, tumeweka kostiki nyingi kuliko mafuta. Si damu ya Dobi. Ni sabuni yetu."

Alibaki ameshika kipande. Nikadhani hajaelewa, nikaenda kuleta mizani na jagi, kwa haraka nikamwaga mafuta sakafuni, nikampimia mbele yake. Mia tisa na kumi na nane. Alitazama namba. Akalitazama jagi. Kisha akakigusisha kile kipande kwenye ncha ya ulimi, akakitoa haraka, akakunja uso.

"Inapiga kama shoti ya umeme," akasema polepole. "Yule mama alinifundisha kuonja kila mara. Safari hii sikuonja. Nilisema ya nini, si tuna kitabu." Akakaa kitandani kwangu. "Nilisema tuna mtoto aliyesoma."

Nilitamani apige kelele.

"Umegundua leo?" akauliza.

Hapo ndipo. Alikuwa amenishikia mlango wazi, nipite. Nikanyamaza. Akachukua kunyamaza kwangu kuwa ndiyo, kama watu wote siku zote.

"Haya," akasema, akainuka. "Angalau umesema kabla ya watoto."

Alimwita Baba Mdogo. Hawakugombana. Walipiga mahesabu na mimi mezani: kuzikuna zote, kuyeyusha, kuongeza mafuta yaliyopungua na yale ya kulainisha. Kwa raundi zile mbili pekee ni zaidi ya kilo moja na nusu. Halafu zikauke upya. Kisha Mama Mdogo akavaa viatu, akaenda kliniki kwenye mvua kumwambia Mkunga kwamba Jumatatu asije. Alirudi hana uso wa kutazamika. "Amesema akizipokea, ataanza na mikono yake mwenyewe, wiki mbili. Kisha ataona." Hakusema kama walikuwepo manesi.

Dobi? Alisema tutakwenda kwake kesho asubuhi, kabla hawajaondoka.

Jumapili, 21 Aprili

Hatukuwahi kwenda. Alikuja yeye.

Tulikuwa chumba cha uani tangu alfajiri, Mama Mdogo na Baba Mdogo na mimi, glavu mikononi, kila mtu na kikunio chake. Sabuni ikikunwa inaanguka kama theluji ya kwenye picha. Dobi alikuja kuaga mara ya mwisho, akaingia na koti la safari, mkewe amebaki uani chini ya mwavuli, mabegi mawili yakining'inia mabegani. Akatuona tunakuna sabuni nzima nzima.

"Mmerukwa na akili, au mnapika keki?"

Mama Mdogo akaweka kikunio chini. "Shemeji, mtoto ana neno."

Nikasema. Nilisema nikiangalia vifungo vya koti lake. Lita, kilo, kostiki. Sijui kama aliifuata hesabu, lakini mwisho wake aliuelewa, kwa sababu aliuliza, "Kwa hiyo damu yangu ni nzima?"

"Ni nzima, baba."

Alicheka. Alicheka hadi akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, machozi yanamtoka, anajipiga mapaja na yale matambara. "Kumbe ni sabuni! Mimi nilishajizika! Nilishamwambia mke wangu nguo ya kunizikia ipo wapi!" Baba Mdogo naye akacheka, na hata Mama Mdogo akapumua. Nami nikaanza kutabasamu, nikadhani imekwisha.

Kisha Dobi akaacha kucheka. Si ghafla, ilimwisha tu taratibu. Alikuwa anafikiri, niliona anavyohesabu wiki.

"Ile wiki niliyopona," akasema. "Sabuni ilikuwa ya rangi nyingine kidogo. Nilidhani ni macho yangu." Akanitazama. "Ni wewe uliyeibadilisha?"

"Ni mimi."

Baba Mdogo naye akaweka kikunio chake chini.

"Kwa hiyo ulijua. Nilipokuja hapa Jumatano kuaga, ulikuwa unajua. Nimekaa pale, umesimama pale." Hakuwa na hasira. Ingekuwa rahisi. "Umejua tangu lini, mwanangu?"

Ningeweza kusema kwamba wiki ile nilihisi tu, na nilihakikisha Jumatatu. Jumatatu ingetosha. Mama Mdogo angesononeka kidogo, lakini kule kupika kwa mara ya pili kungebaki salama, na ile "sawa" yangu ingebaki kosa la mtoto.

"Tangu tarehe ishirini na nane mwezi uliopita," nikasema. "Alhamisi. Kipindi cha pili."

Sikumtazama Mama Mdogo. Nilimsikia. Alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyaga kitu, kisha akasema kwa upole, kwa nafsi yake, "Na ile Jumamosi nilikuuliza."

"Uliniuliza," nikasema. "Nikakudanganya."

Dobi aliifungua mikono, tambara la kulia, tambara la kushoto, akaiweka magotini, viganja juu. Sikuwahi kuitazama bila kugeuza macho. Leo niliitazama.

"Sijui kama yule mama wa kona atanirudishia jiwe," akasema mwisho. "Nitakwenda kumwomba. Lakini kwanza kuna mtu amefunga mabegi mawili kwa ajili yangu, anafikiri anaondoka na mgonjwa." Akanionyesha mlango kwa kidevu. "Nenda kamwambie. Na tarehe, usiisahau tarehe."

"Yuko mbali," nikasema. "Mvua ina kelele, hatasikia."

"Basi paza sauti."

Nilivua glavu. Nikasimama mlangoni, maji yanadondoka kutoka kwenye bati hadi miguuni kwangu. Mkewe Dobi aliinua mwavuli kidogo aone ni nani. Nikaanza kwa sauti yangu ya kawaida, akaweka mkono sikioni, akatikisa kichwa kwamba hasikii. Nikavuta pumzi, nikaanza upya kwa nguvu, hadi madirisha mawili ya jirani yakafunguka, na sikuacha mpaka nilipofika mwisho.

Aliufunga mwavuli, akabaki kwenye mvua, akaweka mabegi chini.